Mwaka wa Kanisa katika Mlima Kilimanjaro

Kalenda ya serikali huanza Januari 1, na kila mtoto wa shule ajua hivyo. Lakini katika nyumba nyingi za Wakristo wa Uchaga, huko juu ya mji wa Moshi, pana kalenda nyingine iliyotundikwa ukutani, nayo haiijali Januari hata kidogo. Yaanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, ambayo huangukia mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba. Majira yake yana majina na rangi. Zambarau ni rangi ya Majilio na ya Kwaresima, siku za kungoja na za kutubu. Nyeupe ni ya Noeli na ya Pasaka; nyekundu ni ya Pentekoste; na kijani ni ya zile Jumapili nyingi zisizo na sikukuu kubwa, ambazo hujaza karibu nusu ya mwaka.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za kalenda hiyo ya pili: ilifikaje mlimani, na watu wa mlima waliifanya nini ilipofika. Maana si kazi ndogo kuuchukua mwaka uliozoea nchi za baridi kali, ukaupanda katika nchi ya masika na vuli, ukaota.

Kwanza tutazame ulikotoka. Sikukuu za Kanisa zilianza katika nchi za Bahari ya Kati, kisha zikapanda kaskazini pamoja na wahubiri, zikavaa nguo za huko. Ulaya ya kaskazini Noeli huja wakati usiku ulipo mrefu kabisa. Saa kumi alasiri giza limekwisha ingia. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alichukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, akawa akiwasha mmoja zaidi kila siku ya Majilio, ili watoto waione nuru ikiongezeka na giza likishindwa. Ndilo chimbuko la taji la Majilio lijulikanalo leo katika makanisa mengi. Pasaka nayo huko Ulaya huja theluji inapoyeyuka na miti iliyokuwa mitupu inapochipua. Watu wa huko hawakuona taabu kuufananisha ufufuo na mambo waliyoyaona dirishani.

Sasa tuje kwetu. Moshi iko kama digrii tatu tu kusini ya mstari wa Ikweta. Mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, wala mgomba haupukutishi majani kwa ajili ya baridi. Theluji ipo, lakini iko juu kileleni Kibo, na huonekana Januari kama ionekanavyo Julai. (Imepungua sana, na wazee walioiona utotoni hawahitaji kuambiwa na wataalamu.) Majira ya mlima ni mengine: masika kuanzia Machi hata Mei, kisha ubaridi na ukungu unaoshuka kutoka msituni, Juni hata Agosti, kisha vuli ya mwisho wa mwaka, na kiangazi cha Januari na Februari, wakati kila ukoo hutazama zamu yake ya maji ya mfongo. Mshumaa wa Majilio ukiwashwa hapa, haushindani na giza la majira ya baridi. Lazima useme neno jingine, ama usiseme neno.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji hiyo alikuwa Johannes Rebmann, mmisionari wa Kanisa la Kiingereza, aliyeiona Mei 11, 1848. Mabwana wa London, na hasa William Desborough Cooley, hawakumsadiki. Rebmann alipita tu, hakujenga. Waingereza wenzake walikuja kukaa Moshi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 baada ya vita vya Wadachi na Mangi Meli. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misioni ya Kilema mwaka 1891, na ya Kibosho mwaka 1893. Mwaka huohuo wa 1893 Walutheri wa Misioni ya Leipzig walianza kazi Machame. Mwaka 1894 wakajenga Mamba, na mwaka 1896 wakafika Moshi, pale Kidia. Tukisema Moshi ya siku zile maana yake ni Old Moshi ya mlimani, makao ya mangi. Mji wa chini ulikua baadaye, reli ya kutoka Tanga ilipofika.

Wageni hao wote, Wakatoliki na Walutheri, walikuwa na kalenda katika mizigo yao. Wenyeji nao hawakuwa watu wasiohesabu siku. Miezi waliihesabu kwa mwandamo, na jina la Mungu waliyemwomba, Ruwa, ndilo jina la jua. Waliowaogopa na kuwatambikia walikuwa warimu, yaani roho za wazee waliokufa, ambao makaburi yao yalikuwamo humo humo kihambani.

Hapa hatuna budi kutaja siku moja ambayo haijaandikwa katika kalenda yoyote ya Kanisa. Machi 2, 1900, huko Old Moshi, Wadachi walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Mangi Rindi, pamoja na wakuu wengine, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Kichwa cha Meli chasemwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Ukifungua hesabu ya sikukuu za mwaka ule, utaona ya kuwa Pasaka ilikuwa Aprili 15, na Jumatano ya Majivu Februari 28. Basi Meli alitundikwa mtini Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Wakristo wa mlima walikuwa wachache bado, wala hatudai kwamba watu waliokusanywa kutazama walizijua siku za Kanisa. Lakini wale wachache waliokuwa wakifundishwa Kidia na Machame waliingia katika majuma ya kuhubiriwa habari za mtu asiye na hatia aliyehukumiwa na liwali mgeni, akatundikwa mtini nje ya mji. Walimu wao walikuwa watu wa taifa moja na wale walionyonga. Tunaona ni vigumu kuamini kwamba hadithi ile ya zamani ilisikika Moshi kama ilivyosikika Leipzig.

Kwaresima yenyewe ilikuta mahali pake tayari. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu utokeao Machi 21 au baada yake. Kwa hiyo haiwezi kutangulia Machi 22 wala kupita Aprili 25. Hiyo ndiyo masika yetu. Katika majuma ya Kwaresima watu hushuka kutoka vihambani kwenda mashamba ya chini, wakilima na kupanda mahindi na maharagwe. Akiba ya mwaka uliopita imekwisha kupungua, na mavuno mapya yako mbali, miezi minne au mitano. Mtu wa Ulaya hufunga ghala likiwa bado na chakula cha majira ya baridi. Mtu wa mlima aliambiwa afunge wakati mikono yake ina jembe na debe lake la mahindi linasikika sauti ukiligonga. Na mbegu ilikuwa imefukiwa udongoni siku zile zile. Mwalimu wa dini aliyetaka kueleza habari ya punje ifayo ili izae hakuhitaji picha ukutani.

Liko na jambo la masale. Wachagga hupanda isale mipakani na makaburini, na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi; kwa desturi, aliyeletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa upatanisho. Kanisa lilipodai wenye ugomvi wapatane kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana siku za Pasaka, halikuleta sheria ngeni. Lilikuta njia imekwisha kulimwa.

Vita ya kwanza ya dunia ilifika mlimani nayo katika Kwaresima. Jumatano ya Majivu ya mwaka 1916 ilikuwa Machi 8. Siku nne baadaye majeshi ya Waingereza yalikuwa yamepigana katika vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta, na Machi 13 na 14 yakaingia Moshi. Wadachi wakarudi nyuma kwa kuifuata reli. Pasaka ya mwaka ule, Aprili 23, ilikuta bendera nyingine.

Wamisionari wa Leipzig hawakuondolewa wote mara moja, lakini mwaka 1920 serikali mpya iliwatoa katika nchi. Twaona kwamba hapa ndipo mahali penye uzito katika historia hii yote. Mpaka siku ile mtu angeweza kusema kwamba mwaka wa Kanisa ni mali ya Wazungu, nao wakienda utakwenda nao. Wazungu wakaenda. Wakabaki walimu Wachagga: watu waliosoma katika shule za misioni, wasio na cheo cha uchungaji, wengi wao wakilima vihamba vyao kama jirani zao. Hao ndio waliogonga kengele Jumapili, waliofundisha wanafunzi wa ubatizo, waliozika wafu. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia miaka michache baadaye, lakini walikuwa wachache mno kwa mlima wote na Meru na Upare, na Wadachi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Fikirini kazi hiyo ilivyokuwa. Noeli ni rahisi, maana yafuata tarehe. Pasaka yafuata mwezi, nayo huivuta nyuma yake Jumatano ya Majivu na Kupaa na Pentekoste, hata sikukuu zote hizo hucheza mbele na nyuma mwaka hata mwaka. Katika nchi ambayo wazee walikuwa wakitazama mwandamo tangu zamani, sikukuu inayongoja mwezi mpevu haikuwa jambo la kushangaza. Mwalimu alishika hesabu, na mkutano ukaja. Wamisionari waliporudi walikuta makutano makubwa kuliko waliyoyaacha. Wachungaji Waafrika wa kwanza wa Kanisa hili waliwekewa mikono mwaka 1934. Ingefaa kusema kwamba kazi ya uchungaji ilikuwa imefanywa tangu miaka kumi na minne iliyotangulia, na jina ndilo lililochelewa.

Mmoja wa waliorudi alikuwa Bruno Gutmann. Alifika Afrika mara ya kwanza mwaka 1902, akakaa Old Moshi kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1938. Hakuna mgeni aliyeandika mengi kuliko yeye juu ya sheria na mafundisho ya Wachagga. Kitabu chake juu ya sheria zao kilichapishwa mwaka 1926, na mafundisho ya jando na unyago aliyakusanya katika vitabu vikubwa vitatu. Shauri lake lilikuwa hili: Mungu aliwafunga watu kwa kamba tatu kabla hawajaja wamisionari, nazo ni ukoo, ujirani na rika, basi Kanisa lisizikate kamba hizo, bali lijengwe juu yake. Zamani vijana wa rika moja waliwekwa katika vikundi vya kushikana kama watu walio nyuma ya ngao moja, kila mmoja akijibu kwa ajili ya mwenzake. Gutmann aliuchukua mpango huo akauingiza katika mafundisho ya kipaimara. Kijana hakujibu maswali ya katekisimu peke yake tu; alikuwa na wenzake wa ngao, na deni lake kwao halikuisha siku ya kuwekewa mikono.

Wako waliomlaumu, wazungu kwa Wachagga, nasi twaona lawama nyingine zilikuwa na haki. Gutmann aliupenda mlima wa zamani kuliko wenyeji wengine walivyoupenda. Aliogopa miji, fedha na elimu iliyowatoa vijana katika ukoo, wakati vijana wenyewe walitaka shule zaidi na bei njema ya kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa, Kilimanjaro Native Planters' Association, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi hiyohiyo; mwaka 1933 pakatokea chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U. Watu walipenda kukaa katika ukoo na pia kuuza magunia yao. Hata hivyo kipaimara kilibaki na sura aliyosaidia kukipa, yaani sikukuu ya rika na jamaa nzima. Na miaka hii ya karibu Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kilutheri imeongeza sharti ambalo wazee wa mfongo wangelielewa mara moja: mwanafunzi wa kipaimara apande miti, maana msitu ukiisha juu, maji huisha chini.

Kahawa nayo iliisumbua kalenda. Ujerumani, sikukuu ya mavuno ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ngano ikiwa ghalani. Mlimani ni mavuno yapi? Ndizi hukatwa mwaka mzima. Mahindi ya chini huvunwa baada ya masika, karibu Julai na Agosti. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka hata Desemba. Kwa hiyo sikukuu ya mavuno haikutulia mahali pamoja, bali kila usharika hutazama mashamba yake. Watu huleta mikungu ya ndizi, mahindi, kuku, mayai, hata mbuzi. Na ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Mkungu mmoja waweza kununuliwa na kutolewa tena mara tatu, kwa vicheko vingi, mpaka bei yake imepita ya soko mara kumi. Mtu asiyejua desturi hiyo angedhani watu wa mlima hawajui biashara.

Katika yote, lililokuwa gumu zaidi lilikuwa habari ya wafu. Zamani mtu mzima mwenye watoto alizikwa nyumbani mwake. Baadaye mifupa ilifukuliwa, na fuvu likawekwa migombani penye masale, na hapo wazao walitambika. Wamisionari walikataza matambiko. Lakini wao wenyewe walikuja na siku zao za wafu. Wakatoliki wana Novemba 2, siku ya marehemu wote. Walutheri Wajerumani wana Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, desturi iliyoamriwa na mfalme wa Prussia mwaka 1816, ikaenea. Basi Mchagga aliyeambiwa asiwatambikie babu zake alikuta kwamba Kanisa nalo lina siku ya kuyataja majina yao. Tofauti iko, nayo ni kubwa: hapa wafu hawaombwi mvua wala hawalishwi, bali hukabidhiwa kwa Mungu. Lakini jina la babu lilitajwa kwa sauti mbele ya watu, na hilo lilihesabika. Leo Wakristo wengi wa mlima huzikwa katika kihamba chao wenyewe, msalaba ukisimama katikati ya migomba, na mara nyingi isale haiko mbali.

Jumapili moja baada ya siku hiyo ya wafu, mwaka huanza tena, na zambarau ya Majilio hutandikwa madhabahuni. Hapa twarudi kwenye mshumaa wa Hamburg. Mlimani neno lake ni moja: wanakuja. Maana wana wa Uchaga wametawanyika Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na mbali zaidi, na kwa desturi ambayo haina mfano wake katika Tanzania, hurudi vihambani mwezi wa Desemba. Tangu Jumapili ya pili ya Majilio nauli za mabasi hupanda. Mama aliye peke yake mwaka mzima hupaka chokaa nyumba, na mbege ya ndizi na ulezi hupikwa. Vijana wa matarumbeta, sanaa iliyoletwa na wamisionari Wadachi na ambayo makanisa ya kaskazini yameishika vizuri kuliko mahali pengi, husikika jioni wakijizoeza.

Wachungaji hulalamika, nao wana sababu. Majilio ni majira ya kungoja kwa toba, na mlimani yamekuwa majira ya kupokea wageni. Arusi, vipaimara, na kufunua makaburi yaliyojengwa upya, yote husongamana katika majuma hayo, kwa kuwa ndipo jamaa wote wapo. Siku ya Noeli kanisa halitoshi. Watu husimama nje chini ya miti. Lakini shauri la wazee laweza kutazamwa kwa upande mwingine. Ni siku hizo pia ambapo ukoo huketi na kukata mashauri ya mwaka: mpaka wa kihamba ulioingiliwa, mjane aliyesahauliwa, ndugu wawili wasiosemezana tangu mazishi ya baba yao. Mbuzi huchinjwa, na kila mtu hupewa fungu lake la nyama kwa haki ya ujamaa, wala fungu la mwenye haki halipewi mwingine. Ndugu wasiosemezana hawawezi kula pamoja, kwa hiyo jani la isale huletwa kabla ya nyama. Gutmann angefurahi kuona hayo, na pengine angeyaandika kitabu kingine.

Epifania ni Januari 6. Siku hiyo barabara ya kwenda Dar es Salaam imekwisha jaa magari, maana ofisi na shule zinafunguliwa. Jumapili ifuatayo rangi ya kijani imetandikwa, na kanisani wamo wazee, akina mama, na watoto wanaolelewa na bibi zao. Matarumbeta yamerudishwa kabatini. Mchungaji husoma matangazo: zamu ya kufagia kanisa, hesabu ya sadaka ya Noeli, na siku ya kwenda kusafisha mfongo kabla kiangazi hakijawa kikali.